Kaiser Wilhelm na Likizo Zake za Kaskazini

Hadithi hii karibu wote tumeisikia, ama shuleni ama kwa waongoza watalii wa Moshi: eti mpaka wetu na Kenya umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Bibi alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu hana hata mmoja, bibi akamwonea huruma. Hadithi tamu, ila haina ukweli. Mstari ule uliafikiwa mwaka 1886 na wakubwa wa London na Berlin, na wakati huo mjukuu mwenyewe hajawa hata Kaiser. Kilicho kweli ni kwamba Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 alikibatiza Kilele cha Kaiser Wilhelm, na jina hilo likakaa hadi tulipojitawala na kukiita Uhuru.

Mwenye jina hakuwahi kukanyaga huku. Hakuiona Dar es Salaam, hakuiona Bagamoyo, hakuuona mlima wake. Miezi mitatu kabla ya Meyer kufika kileleni, yeye alikuwa melini, kwenye safari yake ya kwanza ya kiangazi kufuata pwani ya Norway. Aliipenda mno ile pwani. Akairudia karibu kila Julai kwa miaka 25, mpaka Julai ya 1914, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike makala hii.

Lakini tuanze mwanzo. Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859. Mama yake alikuwa Victoria, binti mkubwa wa Malkia wa Uingereza; baba yake Friedrich, mrithi wa kiti cha Prussia. Kuzaliwa kwake kulikuwa kwa taabu, mtoto alitangulia kwa makalio, na katika kumvuta mishipa ya fahamu ya bega la kushoto ikaharibika. Mkono wa kushoto haukukua sawasawa; alipokuwa mtu mzima ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa kama sentimita 15, na hakuweza kuutumia kwa kazi ya maana. Ukitazama picha zake utaona siku zote mkono huo umeshika glavu, au umelazwa juu ya upanga, au umefichwa mfukoni.

Alivyotibiwa utotoni ni mateso matupu. Waliufunga mkono mzima, ule wa kulia, ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Waliupitisha umeme. Waliuingiza ndani ya sungura aliyechinjwa wakati huo huo, kwa imani kwamba joto la mnyama litahamia kwenye mkono. Alipokuwa na miaka minane mwalimu wake Hinzpeter alimpandisha farasi bila vikuku vya miguu. Mtoto akaanguka, akapandishwa tena, akaanguka, akalia, akapandishwa. Hiyo iliendelea wiki nyingi, hadi akajua kupanda. Sisemi haya ili tumwonee huruma sana, maana mbele kuna watu wengi wa kuonewa huruma kabla yake. Nasema kwa sababu ukishajua hivyo, yale masharubu yaliyosimama, zile sare alizobadilisha mara kadhaa kwa siku na zile hotuba za vitisho vinaeleweka kidogo.

Alikuwa mwanachuo pia. Mwaka 1877 aliingia Chuo Kikuu cha Bonn, akasoma mihula minne: sheria, uchumi, historia, sanaa, kidogo kidogo kila kitu. Alijiunga na chama cha wanafunzi wa ukoo bora, wale wa kunywa bia na kupigana kwa mapanga. Wenzake walimwona ana akili nyepesi na kumbukumbu kali, ila hakai na kitu hadi kiishe. Kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hiyo kwenye kikundi cha majadiliano: anajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Tofauti ni kwamba huyu alikuja kupewa himaya.

Alipewa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Machi 1888 babu yake, Wilhelm I, alifariki. Baba yake akatawala siku 99 tu, tayari hawezi kusema kwa saratani ya koo, naye akafa Juni. Wilhelm akawa Kaiser akiwa na miaka 29. Miaka miwili baadaye, Machi 1890, alimwondoa Bismarck, mzee aliyeiunganisha Ujerumani, kwa sababu vijana na wazee wawili hawakai kiti kimoja.

Kati ya mambo hayo mawili ndipo zilipoanza safari za kaskazini.

Kwa asiyeijua pwani yenyewe: magharibi ya Norway bahari imeingia ndani ya nchi kwa vidole virefu vyembamba, vinavyoitwa fyodi. Vilichimbwa na barafu nzito zamani sana, barafu ikayeyuka, maji ya chumvi yakaingia. Sognefjord, mrefu kuliko yote huko, unaingia ndani zaidi ya kilomita 200 na kina chake sehemu nyingine kinapita mita 1,300. Kwa hiyo meli kubwa ya baharini inaweza kupita katikati ya milima, kuta za mawe kushoto na kulia, maporomoko yanashuka, na juu kabisa kuna theluji ilhali chini wakulima wanavuna matofaa. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unazuia bahari isigande hata majira ya baridi. Na ukipanda kaskazini kupita mstari wa Aktiki, mwezi Juni na Julai jua halizami. Saa sita usiku unaweza kusoma gazeti nje.

Wilhelm alisafiri na meli yake ya kifalme, Hohenzollern. Ile ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1893, ilikuwa na urefu wa kama mita 120, nyeupe, na nyuma yake zilifuata meli za kivita za kumlinda na boti za kuleta barua na nyaraka kutoka Berlin. Katika safari za mwanzo walipanda mbali, hadi Tromsø na Nordkapp. Miaka ya baadaye alipendelea fyodi za kusini zaidi: Bergen, Odda, Molde, na zaidi ya pote kijiji cha Balestrand kwenye Sognefjord.

Wanawake hawakuruhusiwa. Mke wake, Augusta Victoria, aliyemzalia wana sita na binti mmoja, alibaki nyumbani. Wageni walikuwa majenerali, maprofesa, mchoraji wa bahari Carl Saltzmann, na rafiki yake wa karibu Philipp Eulenburg, aliyekuwa akitunga nyimbo na kuzipiga kwenye piano. Wanaume wazima, wengine wenye vitambi na nishani kifua kizima. Asubuhi Kaiser aliwatoa sitahani kwa mazoezi ya viungo. Wakichuchumaa, yeye alipita nyuma akiwasukuma waanguke, kisha anacheka. Kuna siku alitoa kisu akakata mikanda ya suruali ya jenerali mmoja. Nani angekasirika? Yeye ndiye mwenye meli, ndiye mwenye jeshi, ndiye atakayesaini cheo chako kijacho. Walicheka naye, wakaandika manung'uniko kwenye shajara zao, ndiyo maana leo tunajua. Jumapili alisimama mwenyewe akaongoza ibada na kuhubiri.

Si kila Julai ilipita salama. Mwaka 1891 aliteleza sitahani akaumia goti, akakaa siku nyingi kitandani akafuga ndevu, halafu akazinyoa. Mwaka 1897, karibu na Odda, afisa kijana wa meli, Luteni von Hahnke, alikuwa akishuka mlima kwa baiskeli, akatumbukia mtoni penye maporomoko na kufa. Siku zile zile Kaiser alikuwa ameumizwa jicho na kamba. Mambo mawili hayo yakaunganishwa na watu: eti kijana alimpiga Kaiser ngumi, na kwa hiyo akauawa. Hakuna ushahidi wa hilo. Lakini hebu fikiri, mtawala anaogopwa kiasi gani hadi ajali ya baiskeli inageuka kesi ya mauaji midomoni mwa watu.

Wanorwe wenyewe walimpenda kwa kiasi kikubwa, na hapa lazima tuseme haki. Kwanza aliwaletea biashara. Kaiser akienda mahali, matajiri wa Hamburg na Berlin wanataka kwenda hapo hapo. Makampuni ya meli ya Ujerumani yakaanza safari za kiangazi za kwenda fyodi, hoteli za mbao zikajengwa, wakulima wakakodisha mikokoteni ya farasi. Hii biashara ya leo ya meli za kitalii zinazojaza ghuba ndogo za kule ina mkono wake ndani.

Pili ni Ålesund. Usiku wa tarehe 23 Januari 1904, upepo mkali, moto ulizuka katika mji huo wa wavuvi uliojengwa kwa mbao. Kufikia siku iliyofuata nyumba kama 850 zilikuwa majivu na watu kama 10,000 hawana pa kulala katikati ya majira ya baridi. Ajabu ni kwamba alikufa mtu mmoja tu. Kaiser alipopata habari hakusubiri vikao. Alituma meli zenye chakula, dawa, mablanketi na vifaa vya kujengea. Mji ulijengwa upya kwa mawe na matofali kwa miaka michache tu, wote kwa mtindo mmoja wa kisasa wa wakati ule, wenye minara na maua ya plasta, na ndio unaowavuta watalii leo. Barabara moja mjini hapo bado ina jina lake.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisema, kumbe jamaa alikuwa na moyo. Halafu nikaangalia tarehe.

Januari 1904. Siku kumi na moja kabla ya moto wa Ålesund, tarehe 12 Januari, Waherero wa Namibia waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakiwanyang'anya ardhi na ng'ombe. Meli za Kaiser zilienda huko pia. Yeye mwenyewe alimteua Jenerali Lothar von Trotha kwenda kumaliza kazi, na von Trotha hakuwa mgeni kwetu: alikuwa ameshapigana Afrika Mashariki miaka ya 1890. Oktoba mwaka huo huo von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya eneo la Wajerumani apigwe risasi. Watu walisukumwa jangwani Omaheke na visima vikalindwa. Berlin ilikuja kuifuta amri ile mwezi Desemba, lakini walionusurika waliswagwa kwenye kambi za kazi walikokufa kwa wingi. Waherero waliokufa ni makumi ya maelfu, na Wanama nao walifuata. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji hayo ya kimbari.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mtu mmoja, meli za aina mbili. Kwenye semina yetu kuna aliyesema tusichanganye mambo, msaada ni msaada na vita ni vita. Mimi nadhani vinaungana mahali pamoja. Ålesund alikuwa ameiona. Alishapita pale na meli yake, alishapungiwa mkono na watoto wa pale, alijua mji unafananaje. Waherero kwake walikuwa rangi kwenye ramani. Na ramani ya namna hiyo tulikuwemo na sisi.

Kuhusu sisi, turudi nyuma kidogo. Kati ya mambo ya kwanza yaliyofanyika baada ya Bismarck kuondoka ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza. Wengi husema Kaiser alibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland. Si hivyo hasa, kwa sababu Zanzibar haikuwa yake. Alichofanya ni kuacha madai na kukubali Waingereza wawe walinzi wa Sultani. Kwa upande wake akapata Heligoland, kisiwa kidogo cha mwamba mwekundu katika Bahari ya Kaskazini, ambacho ungekizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Agosti 1890 alishuka pale mwenyewe kukipokea kwa shangwe. Mwambao wa bara, kutoka Umba hadi Ruvuma, Ujerumani iliununua kwa Sultani kwa marki milioni 4. Abushiri bin Salim aliyepinga mambo haya kwa bunduki alikuwa ameshanyongwa Pangani, Desemba 1889. Wenye mwambao hawakuulizwa.

Halafu Julai 1905. Mwaka huo Norway ilikuwa ikijitenga na Sweden, na safari ya Kaiser ikaelekea Bahari ya Baltic. Tarehe 23 na 24 Julai alikutana na Tsar Nicholas II wa Urusi huko Björkö, pwani ya Finland, meli ya kifalme ubavuni mwa meli ya kifalme. Mke wa Tsar alikuwa binamu yake. Baada ya chakula alimtolea Nicholas mkataba wa kusaidiana vitani, na wakausaini pale pale melini kama watu wanaoandikiana hati ya kiwanja bila wakili. Alirudi nyumbani akiamini amebadilisha historia ya Ulaya. Mawaziri wa pande zote mbili waliposoma karatasi ile waliona haifai, ikafa.

Mwisho wa mwezi huo huo, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Ndivyo ilivyoanza Maji Maji. Kinjikitile alinyongwa siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, lakini habari ya maji ilishasambaa hadi Songea, Mahenge na kwingineko. Gavana von Götzen aliomba msaada, meli za kivita zikaletwa na askari wa majini. Wakati bunduki hazikutosha walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kutoka 75,000 hadi 300,000. Mimi bibi yangu mzaa baba ni wa upande wa Songea, na kwake neno la Kijerumani lililobaki ni moja tu, nalo ni la kuhesabia viboko. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha. Ilichukua zaidi ya miaka 115.

Mwaka 1913 Wilhelm aliwapa Wanorwe zawadi ya mwisho kubwa: sanamu ya Fridtjof, shujaa wa hadithi zao za kale, iliyosimamishwa Vangsnes, ng'ambo ya fyodi kutoka Balestrand. Ukijumlisha na jiwe inalosimama juu yake inapita mita 22. Kaiser alikuja kuizindua Julai hiyo na Mfalme Haakon akahudhuria. Wapo Wanorwe walioona ni kubwa mno na haikuombwa. Nimeiona pichani, na nakubaliana nao.

Sasa tufike 1914. Tarehe 28 Juni mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, aliuawa Sarajevo pamoja na mkewe. Wilhelm alipata habari akiwa Kiel kwenye mashindano ya mashua. Tarehe 5 Julai, Potsdam, balozi wa Austria alimletea barua, wakala chakula cha mchana pamoja, na Kaiser akamwahidi kwamba lolote Austria itakaloamua dhidi ya Serbia, Ujerumani itakuwa nyuma yake. Wanahistoria wameiita ahadi hiyo hundi isiyojazwa kiasi. Ukimpa mtu hundi ya namna hiyo, angalau kaa karibu na benki. Yeye kesho yake, tarehe 6, alipanda Hohenzollern akaenda Norway.

Kansela wake, Bethmann Hollweg, ndiye aliyemhimiza aende kama kawaida. Akibaki, walihofia, Ulaya itashtuka na kujua kuna jambo linapikwa. Basi ile likizo ya kila mwaka, iliyozoeleka kiasi cha kutomshangaza mtu, ikawa pazia. Wanahistoria hadi leo wanabishana alijua kiasi gani. John Röhl, aliyeandika maisha yake kwa majuzuu matatu mazito, anamtwika lawama kubwa. Christopher Clark anaona lawama ni ya wengi, waliotembea kuelekea vita kama watu walio usingizini. Kwa mtihani andika yote mawili. Kwa maoni yangu, ukiwa umeahidi jeshi zima halafu ukaenda kutazama maporomoko, swali la ulijua nini ni la pili. Ungeweza kujua, ukachagua kutokuwepo.

Karibu wiki tatu alikuwa kule. Hali ya hewa nzuri, mazoezi ya asubuhi, matembezi ya Balestrand, michezo ya karata. Telegramu zilikuja, ila Berlin ilichuja za kumtumia. Tarehe 23 Julai Austria iliipa Serbia masharti ya saa 48, na maneno kamili ya masharti hayo Kaiser aliyapata kupitia habari za magazeti badala ya ofisi yake mwenyewe. Tarehe 25, Jumamosi, alikuwa Balestrand nyumbani kwa mchoraji Hans Dahl, rafiki yake wa miaka mingi. Jioni hiyo Hohenzollern iling'oa nanga na kutoka Sognefjord kwa haraka. Saa zile zile Belgrade ilikuwa ikikabidhi jibu lake. Kwenye hoteli ya Balestrand bado wanaonyesha kiti alichokuwa akikalia.

Alifika Kiel tarehe 27. Asubuhi ya tarehe 28 alisoma jibu la Serbia na kuona limekubali karibu kila kitu. Aliandika kwamba sababu ya vita imekwisha, akapendekeza Austria iishie kuushika mji wa Belgrade kama dhamana tu. Siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, tarehe 3 dhidi ya Ufaransa, tarehe 4 Uingereza ikaingia. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza, Astraea, ilipiga mizinga Dar es Salaam. Kutoka kahawa ya Balestrand hadi mizinga ya Bandari Salama ni siku kumi na nne.

Yaliyofuata huku mnayajua: Tanga na nyuki wake Novemba 1914, manowari Königsberg kuzamia delta ya Rufiji, von Lettow-Vorbeck akizunguka na askari wake kutoka Moshi hadi Msumbiji na kurudi. Kinachosahaulika ni wapagazi. Hapakuwa na barabara, na ndorobo waliua farasi na punda, kwa hiyo vita nzima ilibebwa vichwani. Waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na kikosi chao, Carrier Corps, kimetuachia jina la Kariakoo. Ukienda pale Jumamosi kununua shuka na bumu lako likiisha, unatembea juu ya kambi yao.

Kaiser mwenyewe vitani alizidi kuwa pambo. Majenerali Hindenburg na Ludendorff waliamua, yeye alipigwa picha akitazama ramani. Tarehe 9 Novemba 1918, huku wafanyakazi na mabaharia wameinuka, Kansela alitangaza kwamba Kaiser amejiuzulu kabla mwenyewe hajamaliza kufikiri. Kesho yake alfajiri alivuka mpaka na kuingia Uholanzi. Huku kwetu hakuna aliyejua. Askari wa Lettow, wengi wao Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, waliendelea kupigana kwa jina lake kwa siku kadhaa baada ya yeye kukimbia, na hawakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia.

Maisha yaliyobaki yalikuwa marefu, na hayana mengi. Alinunua nyumba Doorn, akaletewa vitu vyake kutoka Berlin kwa mabehewa zaidi ya 50. Augusta Victoria alifariki mwaka 1921. Mwaka uliofuata akaoa mjane, Hermine. Aliandika akijitetea, akiwalaumu Waingereza, Wayahudi, kila mtu, na barua zake za miaka hiyo zina chuki ambayo inatia kichefuchefu kuisoma. Kila siku alikata kuni. Miti kwa maelfu, kwa mkono mmoja mzima. Kwenye meza ya kuandikia alikaa juu ya tandiko la farasi lililofungwa kwenye kigoda.

Norway hakuirudia. Waliorudi ni wanajeshi wa Hitler, tarehe 9 Aprili 1940, wakiingia na manowari kwenye fyodi zile zile. Mwezi mmoja baadaye waliingia Uholanzi pia, wakaweka walinzi langoni kwake. Paris ilipoanguka Juni alimpelekea Hitler telegramu ya pongezi. Alifariki Doorn tarehe 4 Juni 1941, umri miaka 82, na kwa wosia wake hatarudishwa Ujerumani hadi ufalme urudi, kwa hiyo bado yuko kwenye bustani ya nyumba ile. Fridtjof naye bado amesimama Vangsnes, na kila Julai meli za watalii zikipita wanapewa dakika chache za kumpiga picha.